Kiwanja, Jirani na Sheria

Msomaji, huenda umewahi kuona ukuta wa nyumba mpya uliopakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mwenye nyumba amenunua mawe, amechanganya mchanga na saruji, amemlipa fundi. Na ukuta ulipofika usawa wa dirisha akaja mtu mwenye faili mkononi, akatazama nafasi iliyobaki kati ya ukuta na mpaka, akapaka alama yake, akaenda zake. Majirani wakasimama kutazama. Mmoja akasema, "Ardhi ni yake, yawaje azuiwe kujenga juu ya kilicho chake?" Mwingine akamjibu, "Ardhi ni yake, lakini njia ni yetu sote." Maneno yao ni mafupi, lakini kila mmoja wao amenena kweli, na ugomvi wa kweli hizi mbili ni wa zamani sana katika pwani yetu.

Insha hii yakusudia kukueleza habari za ugomvi huo kutoka Mtwapa na Kilifi hata Malindi. Huenda ukadhani ya kuwa habari za vipimo vya viwanja ni kazi ya makarani, wala hazifai kuitwa historia. Fikiri tena. Vita vya wafalme hupita, lakini watu hulala ndani ya nyumba kila usiku. Mtu asiyejua kwa nini nyumba yake imesimama mahali ilipo, na ni nani aweza kuiondoa, amekosa kujua sehemu kubwa ya maisha yake mwenyewe.

Tuanze na mawe ya kale, maana mawe hayana upendeleo. Kiasi cha maili 10 kusini ya Malindi yako magofu ya Gede. Mji ule ulisitawi sana katika karne ya 15, ukahamwa katika karne ya 17, ukamezwa na msitu. Mwaka 1927 serikali iliulinda kama mahali pa ukumbusho, na tangu mwaka 1948 James Kirkman aliufukua kwa miaka mingi. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni hupenda kutazama msikiti mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Nakuomba wewe, uendapo, utazame mambo madogo zaidi: tazama vichochoro, visima, mashimo ya vyoo na kuta.

Utaona kwamba nyumba za Gede zilijengwa karibu karibu, nyingine zikiegemeana, na hata hivyo kila nyumba ilikuwa na mlango wake, ua wake na faragha yake. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Paa la nyumba ya mawe lilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haziwezi kubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa zikipita urefu wa futi 9 hivi. Basi msitu wa mikoko ndio uliotoa kipimo cha kwanza cha ujenzi katika pwani hii. Fundi aliyekivunja hakungoja kushitakiwa, dari ilimhukumu.

Huko Mtwapa, katika magofu ya Jumba la Mtwana, na huko Mnarani juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, utaona fikira ile ile. Watu walichimba visima, wakajenga mabirika ya kutawadhia, wakachagua mahali pa choo. Hatujaachiwa kitabu cha kanuni zao za ujenzi, lakini twaweza kuzisoma ukutani. Katika miji ya Waislamu duniani kote makadhi walifuata msingi kwamba mtu asilete madhara wala asilipize madhara kwa madhara. Kwa msingi huo dirisha halifunguliwi kuelekea ua wa jirani, maji ya paa hayamwagwi katika ukuta wa mwenzio, na njia ya watu haizibwi. Katika mji wa Lamu, ambao umedumu ukikaliwa hata leo, mtu aliyetaka chumba zaidi na hana ardhi zaidi aliweza kujenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi nyingine. Chini watu na punda wakapita. Juu jamaa wakalala. Kiwanja hakikukua, lakini nyumba ilikua, na njia haikuzibwa.

Wala usidhani kwamba utaratibu huu ulikuwa wa watu wa nyumba za mawe peke yao. Nyuma ya pwani, juu ya vilima, Wamijikenda walikaa ndani ya kaya zilizozungukwa na misitu. Kaya ilikuwa na njia zake na malango yake, kila ukoo ulikuwa na mahali pake, na katikati palikuwa na moro, mahali pa wazee kukutania na kuamua. Nyumba zao zilikuwa za miti na nyasi, lakini hapana mtu aliyejenga mahali popote alipopenda. Mwaka 2008 misitu hii mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na miongoni mwake imo Kaya Fungo, ambayo ni kaya ya Wagiriama.

Hivyo basi, msomaji, shika jambo hili la kwanza: kanuni ya ujenzi si mgeni katika pwani yetu, wala haikuletwa na meli. Ilikuwapo. Lakini ilitoka kwa majirani waliojuana, na aliyeamua ugomvi alikuwa mtu aliyeweza kufika kwa miguu mahali penye ugomvi, akauona ukuta kwa macho yake.

Sasa tuje Malindi. Vasco da Gama alipofika mwezi wa Aprili 1498, watu wake waliandika kwamba mji ulikuwa na nyumba ndefu, zilizopakwa chokaa nyeupe na zenye madirisha mengi. Lakini utukufu huo haukudumu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 16 Wareno waliishika Mombasa na mtawala wa Malindi akahamia huko. Malindi ikapungua siku baada ya siku, hata mwishowe ikawa magofu na vichaka. Mji tuuonao leo ulizaliwa mara ya pili mnamo mwaka 1861, wakati wa Sultani Majid wa Unguja, watu walipokuja kufungua mashamba. Udongo ulikuwa mzuri. Mtama na ufuta ukapandwa kwa wingi na kupelekwa hata Arabuni.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, nasi hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi, kwa maana bila hilo hatuwezi kufahamu viwanja vya leo. Mtumwa alijenga kibanda chake katika ardhi ya bwana wake. Wengine walitoroka wakafanya vijiji vyao porini, kama Fuladoyo. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza ilifuta hali ya utumwa katika sheria za pwani; lakini sheria iliyomfanya mtu kuwa huru haikumpa ardhi ya kusimamia. Alikuwa huru, na kibanda chake kilikuwa bado katika shamba la mtu mwingine.

Kutokana na hali kama hizo, na kutokana na desturi za kibiashara katika miji yote ya pwani, ilisitawi namna ya kumiliki ambayo watu wa bara huistaajabia: nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi humruhusu mtu kujenga, naye humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Nyumba ni mali ya aliyejenga. Aweza kuikalia, kuipangisha, kuiuza, kuirithisha watoto wake. Ardhi iliyo chini yake ni mali ya mwingine. Kuta zina mwenyewe na udongo una mwenyewe, na kwa miaka mingi wote wawili waliweza kusalimiana barazani bila ya kinyongo.

Desturi hii ilifaa wakati nyumba ilikuwa ya fito, udongo na makuti. Mwenye ardhi alipoitaka ardhi yake, mwenye nyumba aliweza kuvunja, akachukua boriti, milango na makuti yaliyo mazima, akajenga kwingine. Nyumba ilikuwa kama mzigo: ni mzito, lakini wabebeka. Tatizo kubwa lilikuja baadaye, pale mtu alipotaka kujenga kwa mawe juu ya ardhi isiyo yake.

Tarehe ya pili kubwa ni mwaka 1895, Waingereza walipoitawala nchi hii, na ukanda wa maili 10 kutoka baharini ukabaki kuwa milki ya Sultani wa Unguja kwa jina, ukitawaliwa na Waingereza kwa vitendo. Mwaka 1903 ilitungwa sheria ya miji, iliyowapa watawala nguvu ya kuweka kanuni za usafi na utaratibu mijini. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Sheria hii ilimtaka kila mtu mwenye kudai ardhi katika ukanda huo aje mbele ya mwandishi wa hati, alete ushahidi, apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa, au madai yake hayakuthibitishwa, ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Pima mwenyewe, msomaji, ni nani aliyeweza kupata faida katika jambo hilo. Aliyekuwa na karatasi, aliyejua kuandika, aliyekaa mjini karibu na ofisi, huyo aliweza kudai. Mmijikenda aliyelima mahali kwa desturi ya ukoo wake, asiye na hati ila makaburi ya wazee wake na minazi aliyoipanda, hakuwa na cha kuonyesha ambacho karani angekiandika. Watu wengi wakaamka siku moja wakaambiwa kwamba wao ni maskwota katika mahali walipozaliwa. Wakati huo huo Wagiriama walibanwa kwa kodi ya nyumba, kwa kutakiwa wafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na kwa amri ya kuhama upande wa kaskazini wa mto Sabaki. Mekatilili wa Menza aliwaunganisha watu kwa kiapo mwaka 1913, naye akakamatwa. Mwaka 1914 serikali iliivunja Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikaanza. Ndiyo maana nasema kwamba habari za viwanja si kazi ya makarani tu. Katika nchi hii watu wamekufa kwa ajili ya swali la nani akae wapi.

Katika miji ya jirani kanuni za ujenzi zilitumiwa kwa namna ambayo yatupasa kuijua. Huko Dar es Salaam Wajerumani walitoa amri ya ujenzi mwaka 1891, iliyoamua ni nyumba ya namna gani ijengwe sehemu gani ya mji. Baada yao Waingereza waliendeleza mgawanyo wa sehemu tatu, ambazo watu wenyewe waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanuni haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya nyumba. Lakini mtu asiye na fedha za kujenga nyumba ya aina iliyotakiwa hakuweza kukaa humo, na kila mtu alijua ni nani hana fedha hizo. Hivyo kipimo cha ukuta kikawa ukuta wenyewe.

Huko Unguja, Ng'ambo ya mji wa mawe, maelfu ya watu walikuwa na nyumba juu ya ardhi za wengine kama huku kwetu. Mwaka 1923 alichapisha taarifa yake mtaalamu wa mipango ya miji aitwaye Lanchester, akaeleza jinsi mji uwezavyo kupangwa. Lakini shida ya watu wa Ng'ambo haikuwa ya ramani. Ilikuwa kodi ya kiwanja iliyopanda. Mwaka 1928 walikataa kwa pamoja kulipa, na mwaka huo huo serikali ikalazimika kutoa amri ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo. Hapa pana fundisho: watu wenye nyumba bila ardhi walikuwa wanyonge mmoja mmoja, lakini walisikilizwa waliposimama pamoja.

Katika Kenya ilitungwa sheria ya mipango ya miji mwaka 1931. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 hoteli za kwanza za wageni zilianza kujengwa Malindi, na ufuko ambao zamani ulikuwa mahali pa kuanika nyavu ukaanza kuwa na bei. Kila bei ya ardhi ilipopanda, yule mwenye ardhi aliyeridhika na kodi ndogo ya kiwanja alianza kutazama upya nyumba zilizosimama juu ya mali yake.

Uhuru ulipokaribia, mwezi wa Oktoba 1963, yalifanywa mapatano kwamba ukanda wa pwani utaungana na Kenya moja kwa moja, na kwamba hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitatambuliwa. Mapatano yalileta amani, na amani ni jambo kubwa. Lakini angalia kwamba yalitambua hati zile zile zilizotokana na sheria ya mwaka 1908. Bendera ilibadilika, daftari la ardhi halikubadilika.

Mwaka 1968 serikali za mitaa zilipewa kanuni za ujenzi ambazo kila baraza la mji liliweza kuzifuata. Zilifuata sana mfano wa Uingereza. Zilitaja unene wa kuta, ukubwa wa madirisha, kimo cha vyumba, na nafasi ya kuacha kati ya nyumba na mpaka. Kulikuwa na daraja ya pili, yenye masharti mepesi zaidi, kwa nyumba za watu wa kipato kidogo, nayo ilitumika pale tu baraza lilipoikubali. Mwaka 1995 kanuni zilirekebishwa ili vifaa vya bei nafuu viweze kukubaliwa.

Je, kanuni hizi zilikuwa za bure? Hapana. Zina sababu nne, na kila mtoto wa pwani aweza kuzifahamu. Sababu ya kwanza ni moto: katika mtaa wa makuti cheche moja ikichukuliwa na kaskazi huruka kutoka paa hadi paa, na nafasi kati ya nyumba ndiyo inayouzuia moto. Ya pili ni maji: nchi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu, na uchafu wa choo kilichochimbwa karibu na kisima husafiri ndani ya mawe hayo mpaka ndoo ya jirani. Ya tatu ni hewa na mwanga, ambavyo mgonjwa wa kifua huvihitaji kama dawa. Ya nne ni njia: siku ya mazishi jeneza lipite, na siku ya moto gari lipite. Mtu akikudharaulia kanuni, muulize ni ipi kati ya hizi nne asiyoihitaji yeye.

Basi ugomvi uko wapi? Uko katika kiwanja kidogo. Tufanye hesabu pamoja. Nyumba ya Kiswahili tuijuayo ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Chumba ni futi 9, ukumbi futi 5, chumba cha pili futi 9. Ongeza kuta nne, kila moja futi 1. Jumla ni futi 27. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba kanuni yataka uache futi 10 kila upande. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, kipimo kinachouzwa sana, kitakuachia futi 30, na nyumba yako yaingia bila shida. Lakini kiwanja cha futi 30 kitakuachia futi 10, na ukitoa kuta mbili wabaki na futi 8: chumba kimoja, tena chembamba kuliko boriti. Na baba aliyekuwa na kiwanja cha futi 50 akifa, wanawe wawili wakakigawa kati kwa kati, kila mmoja ana futi 25. Akiacha 10 huku na 10 huku, amebakiwa na futi 5. Hapo sheria imekwisha kuvunjika kabla ya jiwe la kwanza kutolewa timboni.

Watu waliokutana na hesabu hiyo walifanya moja kati ya mambo mawili: walijenga usiku bila ruhusa, au walitoa kitu kidogo ili wasionekane. Yote mawili yana hasara. Nyumba iliyojengwa kwa hofu hujengwa haraka na vibaya. Na ruhusa iliyonunuliwa gizani hainunuliki mara moja, bali hununuliwa tena kila afisa anapobadilishwa.

Hali ya leo imebadilika kwa sehemu kubwa, na ni wajibu wako kuijua. Katiba ya mwaka 2010 ilitoa nguvu kwa kaunti, na tangu mwaka 2013 Serikali ya Kaunti ya Kilifi imeshika kazi iliyokuwa ya mabaraza ya zamani, likiwamo lile la Malindi. Sheria ya mwaka 1908 ilifutwa mwaka 2012 kwa sheria mpya ya kuandikisha ardhi. Sheria ya mipango ya mwaka 1996 nayo ikafuatwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zikapata mrithi katika Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024.

Kwa sheria ya mwaka 2019, mtu hajengi wala hagawi kiwanja mpaka apate ruhusa ya kaunti. Akianza bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Hilo watu wengi wamelisikia. Wasilolisikia ni kwamba sheria hiyo hiyo imemfunga na afisa. Mwombaji asiyepata jibu la maandishi kwa muda wa siku 60 huhesabiwa kuwa amepewa ruhusa. Akikataliwa na asiridhike, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo. Na baada yake yako Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hukaa hata Malindi. Sheria ni kisu chenye makali pande mbili. Raia asiyeisoma hukatwa na upande mmoja tu.

Hivyo mwenye kiwanja kidogo na afanye hivi. Kwanza, kabla ya kununua, aende katika ofisi ya ardhi kuhakikisha jina la mwenye hati, na amchukue mpima ardhi ayatafute mawe ya mpaka. Wengi wamejenga vizuri sana katika kiwanja cha mtu mwingine. Pili, aulize katika ofisi ya mipango kiwanja kile kimetengwa kwa kazi gani na nafasi gani yatakiwa, kabla ya kuchora ramani na si baada yake. Tatu, apeleke maombi kwa maandishi, na aweke nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa, kwani siku 60 zahesabiwa kwa karatasi, hazihesabiwi kwa kumbukumbu. Nne, azungumze na jirani. Ndugu wawili wenye futi 25 kila mmoja wana futi 50 wakipatana. Waweza kupeleka ramani moja ya nyumba mbili zenye ukuta mmoja kati yao, wakaomba kaunti iitazame kama jengo moja, au wakajenga kwenda juu. Wazee wa Gede waliegemeza nyumba zao, na wazee wa Lamu walivuka juu ya njia. Mapatano yamekuwa dawa ya kiwanja kidogo tangu zamani.

Lakini kidonda kimoja hakijapona. Maombi ya kujenga hudai ushahidi wa haki juu ya ardhi. Je, yule mwenye nyumba bila ardhi apeleke nini? Majaji waliokaa Malindi wamewahi kuitambua desturi hii katika hukumu zao, wakikubali kwamba katika pwani yetu nyumba yaweza kuwa ya huyu na ardhi ikawa ya yule, ingawa sheria ya Kiingereza husema kwamba kilichojengwa juu ya ardhi huifuata ardhi. Kutambuliwa huko ni jambo la thamani. Hata hivyo mama aliyerithi nyumba ya udongo, aliyelipa kodi ya kiwanja miaka yote, akitaka kubadili ukuta unaoanguka aujenge kwa mawe, amhitaji mwenye ardhi aridhie. Na mwenye ardhi huogopa kuridhia, maana nyumba ya mawe haibebeki tena. Huona kwamba atakuwa amempa mpangaji mizizi. Basi ukuta waanguka kidogo kidogo, mvua ya masika baada ya masika, huku watu wawili wenye haki wakiogopana. Ufa usipozibwa, ukuta hujengwa. Na hapa aliye na haja ya kuujenga hana ruhusa.

Dawa yake haitapatikana kwa kumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine. Yawezekana kupatikana kwa mapatano yaliyoandikwa: muda wa miaka, kiasi cha kodi, na fidia ya nyumba siku ya kuachana. Maneno ya barazani yalitosha wakati pande zote mbili ziliishi mtaa mmoja. Leo mwenye ardhi huenda anakaa mbali, au amekufa na warithi wake hawamjui mtu. Na maneno ya marehemu hayapokelewi mahakamani kwa urahisi kama karatasi yake.

Msomaji kijana, huenda bado huna kiwanja, lakini una jambo ambalo babu zako wengi walikosa mwaka 1908: wajua kusoma. Muulize mzazi wako kama risiti za kodi ya kiwanja zimehifadhiwa, na kama ziko, zitie mahali pasipofikiwa na mchwa. Kaunti inapotengeneza mpango wa mji, Katiba yadai wananchi washirikishwe. Mkutano huo ukitangazwa, nenda na wazee wako, ukawasomee ramani. Tazama kama njia ya kwenda pwani imeandikwa, kama bandari ya wavuvi imeandikwa, kama mtaa wenu umeandikwa au umeachwa mweupe kana kwamba hapana mtu akaaye. Mahali peupe katika ramani ndipo maskwota wa kesho huzaliwa.

Wale majirani wawili waliosimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi nyekundu walisema kweli zote mbili: ardhi ni ya mwenyewe, na njia ni ya wote. Kazi ya sheria njema ni kuzikalisha kweli hizi mbili katika kiwanja kimoja bila ya moja kumfukuza mwenziwe. Wazee wa pwani hii waliifanya kazi hiyo kwa kusikilizana. Watawala waliokuja baadaye waliifanya kwa amri, nasi twalipa hasara yake mpaka leo. Zamu iliyobaki ni yako: uifanye kwa kujua, kwa kuandika, na kwa kumwita jirani kabla ya kumwita fundi.